Sahara Magharibi: serikali inapotambua unyakuzi, inakubali nini hasa?

Tarehe 14 Septemba 2022, siku moja baada ya kuapishwa, Rais William Ruto aliandika mtandaoni kwamba Kenya imeacha kuitambua Jamhuri ya Kiarabu ya Kidemokrasia ya Sahrawi, dola iliyotangazwa na wapigania uhuru wa Sahara Magharibi. Andiko lilifutwa, na siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikaeleza kuwa msimamo wa nchi haujabadilika. Mei 2025 Nairobi ilisogea tena: katika taarifa ya pamoja na Rabat, iliutaja mpango wa Moroko wa kuipa Sahara Magharibi madaraka ya ndani kuwa ndiyo suluhisho pekee la kuaminika. Je, kwa maneno hayo Kenya imekubali kuwa ardhi ile ni ya Moroko? Kisheria, bado. Kuunga mkono mpango ni jambo moja, kutambua umiliki ni jingine, na tofauti hiyo ina matokeo makubwa.

Eneo lenyewe, lililo kaskazini-magharibi mwa Afrika, lina kilomita za mraba zipatazo 266,000, na Hispania ilianza kulitawala mwaka 1884. Tangu 1963 limo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya maeneo ambayo wenyeji wake hawajapata kujitawala. Moroko hudai kwamba makabila ya huko yalikula kiapo cha utii kwa masultani wake tangu zamani. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ililipima dai hilo, na tarehe 16 Oktoba 1975 ikatoa maoni yake: baadhi ya makabila yalikuwa na utii kwa Sultani, lakini utii huo haukuwa umiliki wa ardhi, na hauwezi kuwanyima wenyeji haki ya kuamua mambo yao. Majuma matatu baadaye Moroko iliwavusha mpaka raia wapatao 350,000 katika Maandamano ya Kijani, na tarehe 14 Novemba, mjini Madrid, Hispania ikakubali kuziachia utawala Moroko na Mauritania.

Makubaliano hayo ya Madrid hutajwa sana kana kwamba ni hati ya kukabidhi ardhi. Sivyo. Mwaka 2002 Hans Corell, aliyekuwa mshauri mkuu wa sheria wa Umoja wa Mataifa, aliliandikia Baraza la Usalama kwamba hayakuhamisha umiliki wala hayakumpa yeyote hadhi ya mtawala msimamizi, yaani nchi yenye dhamana mbele ya Umoja wa Mataifa ya kulisimamia eneo lisilojitawala, hadhi ambayo Hispania isingeweza kuigawa peke yake. Mauritania ilijitoa mwaka 1979, Moroko ikachukua na sehemu yake.

Mwaka 1991 vita kati ya Moroko na Polisario, chama cha Wasahrawi (wenyeji wa eneo hilo) kinachopigania uhuru, vilisitishwa, na kura ya maoni ikapangwa kufanyika Januari 1992. Haijapigwa hadi leo. Kilichoikwamisha ni daftari la wapiga kura. Polisario ilishikilia sensa ya Hispania ya 1974, iliyohesabu watu karibu 74,000. Moroko ilitaka waongezwe maelfu ya watu wa makabila yenye asili ya huko waliokuwa wakiishi ndani ya Moroko. Waangalizi wa Umoja wa Mataifa walipotoa orodha ya awali ya watu 86,000 na ushei, zilifunguliwa rufaa zaidi ya 130,000. Wanaosema kura hiyo ilishindikana kwa ugumu wa kiufundi wanaruka kiini cha jambo: kila upande ulijua kwamba mwenye daftari ndiye mwenye matokeo.

Sheria ya kimataifa inazipa nchi nyingine wajibu wa aina mbili. Azimio namba 2625 la Baraza Kuu, la mwaka 1970, linakataza kutambua kuwa halali ardhi iliyopatikana kwa nguvu. Na kanuni za uwajibikaji wa nchi za 2001 zinakataza pia kusaidia hali hiyo iendelee. Lakini kutotambua hakumaanishi kuwaadhibu wakazi. Katika suala la Namibia, iliyokuwa ikikaliwa na Afrika Kusini kinyume cha sheria, mwaka 1971, Mahakama ya Kimataifa ilieleza kwamba usajili wa vizazi, vifo na ndoa unabaki kuwa na nguvu. Ofisa wa uhamiaji akiletewa cheti cha kuzaliwa kilichotolewa Dakhla, mji wa Sahara Magharibi, anaweza kukipokea, bila serikali yake kuwa imetambua lolote.

Utambuzi wenyewe huja kwa njia mbalimbali. Njia ya wazi ni tamko, kama alilolitangaza Donald Trump tarehe 10 Desemba 2020. Njia nyingine ni kufungua ubalozi mdogo katika eneo linalogombewa: Komoro ilifungua El Aaiún, mji mkubwa wa huko, Desemba 2019, Burundi ikafuata mwaka 2020, na Kongo ya Kinshasa ikaenda Dakhla. Hatua hiyo huchukuliwa kirahisi kuliko inavyostahili, kwa sababu ni vigumu kufungua ofisi kwa idhini ya Rabat kisha ukadai hujaitambua mamlaka ya Rabat mahali hapo.

Wanaotetea utambuzi wana hoja ya kusikilizwa. Moroko inaishikilia sehemu kubwa ya eneo kwa miongo mitano sasa, wakimbizi wa Kisahrawi wangali kambini Tindouf, nchini Algeria, na Baraza la Usalama halijawahi kuubatilisha unyakuzi huu kama lilivyofanya Iraq ilipoinyakua Kuwait mwaka 1990. Oktoba 2025, kwa azimio namba 2797, Baraza liliutaja mpango wa Moroko kuwa msingi wa mazungumzo. Hata hivyo azimio hilohilo linataka suluhisho litakalokubaliwa na pande zote na kuwapa Wasahrawi haki ya kujiamulia. Kwa maoni yetu, hapo ndipo hoja ya utambuzi inapokwama: ridhaa ya wenyeji bado haijapatikana, na nchi ya tatu haina uwezo wa kuitoa kwa niaba yao.

Mahakama zimelichukulia suala la ridhaa kwa uzito. Mwaka 2017 meli iliyobeba zaidi ya tani 50,000 za fosfeti kutoka Sahara Magharibi ilizuiwa Port Elizabeth, na mahakama ya Afrika Kusini ikaamua kuwa mzigo si mali ya Moroko. Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mikataba ya biashara na uvuvi haiwezi kuhusisha eneo hilo bila ridhaa ya watu wake, na kwamba matikiti na nyanya za huko zitajwe kuwa za Sahara Magharibi. Na Septemba 2022 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, jijini Arusha, ilizikumbusha nchi za Afrika wajibu wa kuwasaidia Wasahrawi kuipata haki ya kujiamulia. Tanzania, iliyoitambua jamhuri yao mwaka 1978, ilikuwa miongoni mwa nchi nane zilizoshtakiwa; zote zilionekana hazikukiuka sheria.

Mkataba wowote na Moroko ukifika bungeni, kifungu cha kusomwa kwanza ni kile kinachotaja eneo utakakotumika. Kikisema tu "ardhi ya Moroko", mbunge adai tamko la maandishi kwamba Sahara Magharibi haimo. Marekani ilitoa ufafanuzi wa namna hiyo mwaka 2004 kuhusu mkataba wake wa biashara huria, na biashara ikaendelea.