Giligilani haina kisirani: dhana potofu za kuipanda nyumbani

Mchicha ukimwaga mbegu nyuma ya jiko unaota wenyewe, na matembele ukichomeka kipande chochote yanashika. Giligilani, wanayoiita dania Wakenya na kotmiri watu wengi wa Pwani na Visiwani, haina urahisi huo, na ndiyo maana imezushiwa maneno: ina kisirani, inachagua mkono, haioti bila dawa. Ukichunguza, sehemu kubwa ya maneno hayo inatokana na kuitunza kama sukuma wiki, ambayo unaichuma mwaka mzima. Giligilani ni mmea wa maisha mafupi unaopenda ubaridi. Haikuumbwa kukaa.

"Giligilani ya duka la viungo haioti"

Inaota. Ile nzima unayonunua ili usage bizari ya mchuzi ni mbegu hai, maadamu haijakaangwa na haijakaa guniani miaka. Kinachoponza ni haraka zetu. Huchukua siku 7 hadi 21 kuchomoza, na mtu aliyezoea mchicha wa siku nne au tano hukata tamaa mapema. Wiki ya pili anaanza kufukua kwa kidole aone kama kuna kitu, na hapo ndipo anapokikata kichipukizi kilichokuwa njiani.

Halafu kile kidude cha mviringo chenye mistari si mbegu moja. Ni tunda kavu lenye vyumba viwili, na kila chumba kina mbegu yake. Yatandaze juu ya kitambaa, pitisha chupa au kisukumio cha chapati bila kukandamiza sana, mpaka uyasikie yakiachana. Utaona nusu mbili, bapa upande mmoja na zilizobinuka upande wa pili. Ukiona unga, umezidisha nguvu na hizo hazitaota tena. Ziloweke usiku mmoja, zipande, zifunike kwa udongo wa kama sentimita 1. Hata usipozipasua zitaota, ila zitachomoza pacha zikibanana shina kwa shina.

Mbegu za pakiti kutoka duka la pembejeo zina faida yake, lakini si hiyo inayosemwa, kwamba ndizo pekee zinazoota. Giligilani ya viungo kwa kawaida hutokana na aina zinazolimwa kwa ajili ya mbegu, kwa hiyo hukimbilia maua upesi. Aina za majani kama Santo, Leisure au Calypso huchelewa kidogo. Ukifungua pakiti ukakuta mbegu zimepakwa rangi, ujue zina dawa: zinazobaki zisiingie chunguni.

"Ikianza kutoa maua, kata kikonyo irudi kwenye majani"

Hii imeenea kuliko zote, na wanaoisema huisema kwa uhakika kabisa. Kukata kikonyo kunakupa siku chache tu. Mmea ukishaamua kuzaa haurudi nyuma. Utatoa kikonyo kingine pembeni, chembamba zaidi.

Uamuzi huo unaonekana kabla ya ua lolote kufunguka, ukijua pa kuangalia. Majani ya kwanza kabisa ni mawili, marefu na membamba, hayafanani na giligilani hata kidogo. Yakifuata ya kweli huwa mapana, yamekatwakatwa pembeni, yamekaa karibu na udongo. Hayo ndiyo ya kuchuma. Siku ukiona jani jipya la katikati limenyanyuka juu kwenye shina gumu, limechanika vipande vyembamba kama la shamari, chuma kila kitu jioni ileile, maana kuanzia hapo harufu inabadilika na majani yanapungua.

Sababu ni nini? Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa Ulaya na Marekani, na vinalaumu siku ndefu za kiangazi. Ni kweli kwao. Sisi tulio karibu na Ikweta mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo kinachobaki ni joto, kiu na mizizi iliyobanwa. Februari ya Dar es Salaam, joto likipita nyuzi 30 kila mchana na kopo jeusi likiwa juu ya saruji, giligilani inazeeka kabla hujaifaidi. Mbegu ileile ikipandwa Lushoto, Mbeya au Limuru inakupa majani kwa muda mrefu zaidi. Hata Dar yenyewe, ya kipupwe, kati ya Juni na Agosti, si ya Februari.

Kwa hiyo ukiwa Pwani, usiamini pia lile neno kwamba mboga yoyote inataka jua la kutwa. Ipe jua la asubuhi, na kivuli kuanzia saa sita. Tumia ndoo au dumu lililokatwa, lenye kina kisichopungua sentimita 20, kwa kuwa mzizi mkuu unashuka moja kwa moja, na litoboe chini. Chombo cheupe ni bora kuliko cheusi. Kisha panda kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu: dumu moja likichumwa, jingine linakua, la tatu linaota. Hakuna hila nyingine ya kupata giligilani mfululizo. Ukichuma, anza na majani ya nje na uache moyo. Utachuma mara mbili au tatu, basi.

Shina moja au mawili yaliyotoa maua yaache. Nyuki wanayapenda, na wapo inzi wa maua ambao funza wao hula vidukari. Mbegu zikiwa bado mbichi, za kijani, zitwange kwenye chatne ya pilipili.

"Hii ina mizizi, mama, kachomeke tu"

Muuza mboga anakuambia hivyo akikufungia fungu, na hakudanganyi kwa makusudi. Kwa nanaa angekuwa sahihi. Giligilani iliyong'olewa imeshakatika ile mizizi midogo inayonyonya maji, na umri wake umekwenda. Ikishika, itakaa wiki kadhaa ikitoa majani machache, kisha maua. Vikonyo visivyo na mizizi ukivitia kwenye glasi ya maji vinabaki vibichi siku kadhaa, na hiyo ni njia nzuri ya kuhifadhi. Kutoa mizizi, mara nyingi havitoi.

Kwa sababu hiyohiyo ya mzizi mkuu, usioteshe kitaluni ukahamisha kama nyanya. Panda pale itakapokaa.

"Mwanamke aliye kwenye siku zake akiigusa, inakauka"

Linasemwa kuhusu maboga, mchicha, na giligilani haikusalimika. Hedhi haihusiki hata chembe. Kinacholaza miche ya giligilani usiku mmoja ni kinyaushi, ugonjwa wa ukungu unaoishi kwenye udongo uliolowa kupita kiasi. Inama uangalie: shina limesinyaa pale linapokutana na udongo, limekuwa jembamba na lenye rangi ya kahawia, huku majani juu yake bado ya kijani. Dawa yake ni kupunguza maji, kutoboa chombo vizuri na kutobananisha mbegu. Choma kidole mchangani hadi kiungo cha kwanza. Kukiwa na unyevu, usimwagilie. Mimi naona imani hii ina madhara kuliko zote hapa, maana inamfukuza bustanini mtu yuleyule ambaye kwa nyumba nyingi ndiye anayeimwagilia.

"Mboga ya majani haishibi samadi"

Inashiba, tena haraka. Samadi mbichi huunguza mizizi michanga, na majani haya tunayatupia kwenye kachumbari bila kupika, kwa hiyo vijidudu vya zizini vinaweza kufika hadi mezani. Tumia samadi iliyooza kabisa, isiyonuka. Mbolea ya naitrojeni ikizidi hukupa majani makubwa ya kupendeza yasiyo na harufu, na giligilani isiyonukia sijui unaipandia nini.

Mengine ni ya kupita tu. Anayesema majani yana ladha ya sabuni hajala dawa wala hadeki: ndani ya majani kuna kemikali za kundi la aldehaidi, na baadhi ya watu huzihisi hivyo kwa sababu ya jeni za kunusa walizozaliwa nazo. Kuhusu juisi ya giligilani "inayosafisha figo" inayosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, haijathibitika kutibu figo, na majani hayo yana potasiamu nyingi, madini ambayo wagonjwa wengi wa figo huambiwa wayapunguze. Mwenye tatizo hilo amwulize daktari wake kwanza.

Na ukipata nyingi kuliko unavyoweza kula, usianike juani ukidhani utaziweka kama mbegu. Mbegu zikikauka zinatunza harufu yake. Majani yakikauka yanabaki na rangi tu, kwa sababu mafuta yanayonukia yameshapaa hewani. Katakata, changanya na mafuta kidogo ya kupikia, gandisha kwenye kitreya cha barafu. Kipande kimoja kitupie kwenye mchuzi dakika ya mwisho, moto ukiwa umeshazimwa.