Ndoano za Ncha Tatu kwenye Chambo cha Besi: Lini Uzibadilishe, Lini Uziache

Aliyewahi kuvua samaki aina ya besi kwa chambo bandia kinachoelea analijua tukio hili. Maji yametulia, chambo kinayumba kushoto na kulia, mara uso wa maji unapasuka kwa kishindo. Ukivuta, chambo kinarudi kitupu. Lawama zote huiangukia ndoano, na jioni hiyo hiyo koleo linatolewa, ndoano zilizotoka kiwandani zinang'olewa. Nami nimefanya hivyo, na vyambo kadhaa vizuri nikaviharibu kabisa. Kwa hiyo nayaandika haya kwa wanaomfuata samaki huyu, iwe huko kwao Marekani au Ziwa Naivasha, alikoletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920.

Dhana: Ndoano za kiwandani hazifai, zing'oe kabla hujatupa chambo majini.

Ukweli ni kwamba unatakiwa kuzipima kwanza. Buruta ncha taratibu juu ya ukucha wa dole gumba bila kuikandamiza. Ikikwaruza na kukwama, ni kali. Ikiteleza, ni butu. Zijaribu ncha zote tatu, kwa sababu moja inaweza kuwa butu na nyingine mbili zikawa kali. Ndoano butu, yenye kutu, au iliyowahi kunyooka ukairudisha kwa koleo, hiyo iondoe bila kusita. Chuma kilichopinda mara moja kimeshachoka pale pale kilipopinda. Lakini ndoano kali na nzima ya kiwandani haina kosa lolote.

Dhana: Ndoano kubwa na nene hushika vizuri zaidi.

Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Chambo kinachoelea kimesawazishwa pamoja na ndoano zake, na uzito wake umepigwa hesabu zikiwa zimening'inia. Tazama Zara Spook, chambo kinachoelea cha kampuni ya Heddon, ikiwa imetulia: mkia uko chini, pua iko juu. Mkao huo ndio unaoipa pua nafasi ya kuyumba huku na huku unapotikisa fimbo. Funga ndoano nzito ya mbele, pua itazama kidogo na mwendo utakuwa mzito. Funga nzito ya nyuma, mkia utashuka zaidi. Kile chenye mdomo uliochimbwa kama kikombe nacho hubadili sauti na namna kinavyorusha maji pua yake ikikaa tofauti. Kuna pia vyenye mkia unaozunguka. Kwa vyambo hivyo, ndoano ya tumboni ni uzito unaouzuia mwili usibingirike, hivyo nyepesi mno ni hatari kama nzito mno.

Dawa yake ni mizani ndogo na beseni la maji. Pima ndoano ya zamani na mpya, pamoja na vipete vinavyozishikilia, kwa sababu navyo vina uzito. Kisha kielee chambo kwenye beseni na utie alama ya kalamu pale maji yanapofika ubavuni. Badilisha ndoano, kirudishe majini. Alama ikizama au ikipanda, utaliona hilo nyumbani badala ya kuligundua ukiwa katikati ya ziwa.

Unene nao una gharama yake. Ndoano nene huhitaji fimbo ngumu na mvuto wa nguvu ili izame mdomoni. Kwa fimbo laini na uzi wa nailoni unaovutika, nyembamba hupenya upesi zaidi. Ukitumia uzi wa kusukwa, ambao hauvutiki, na fimbo ngumu, hiyo nyembamba inaweza kunyooka. Basi chagua ndoano ukiwa umeishika fimbo yako mkononi.

Na namba zisikuchanganye: namba 6 ni ndogo kuliko namba 4, nayo 4 ni ndogo kuliko 2. Baada ya 1 huja 1/0, halafu 2/0, na hapo ukubwa unapanda.

Dhana: Ndoano ya ncha moja itakupotezea samaki wote.

Silikubali hili. Ncha moja iliyozama vizuri hushika, na kumtoa samaki unayetaka kumrudisha majini ni kazi ya sekunde chache. Ndoano mbili za ncha tatu, yaani ncha sita zikining'inia kwa samaki anayejirusha, ni hatari kwa macho yake na kwa vidole vyako. Nikiwa na mtoto kwenye mtumbwi, situmii nyingine ila ncha moja, na ule mwiba wa nyuma ya ncha naubana kwa koleo. Ila nunua zile ambazo tundu lake limegeuzwa, ili ndoano ikining'inia kwenye kipete ielekee sambamba na mwili wa chambo. Na kwa kuwa ncha moja ni nyepesi, mara nyingi utapanda saizi moja au mbili ili kurudisha uzito. Beseni lile lile litakuonyesha.

Dhana: Samaki akipiga na kukosa, kosa ni la ndoano.

Mara nyingi ni la mkono. Tunavuta tukisikia kishindo, kabla besi hajafunga mdomo. Subiri mpaka uusikie uzito wake kwenye fimbo, ndipo uvute. Angalia na uzi pia: uzi wa florokaboni huzama na kuivuta pua ya chambo chini, ilhali uzi wa kusukwa huelea.

Manyoya ya ndoano ya nyuma nayo usiyatupe. Hukipunguzia chambo kasi kinapotulia, na samaki hupata mahali pa kulenga. Ikibidi kubadilisha, tafuta nyingine yenye manyoya.

Na ukivua kando ya mafunjo na gugumaji, ambako kila mvuto unarudi na majani, hakuna ndoano ya ncha tatu itakayokusaidia. Kirudishe chambo hicho sandukuni, ufunge chura wa mpira mwenye ndoano zilizolala mgongoni.