Unene wa Mstari katika Michoro ya Vekta

Katika programu za michoro ya vekta, kama vile Inkscape, CorelDRAW na Adobe Illustrator, mstari hauhifadhiwi kama mkusanyiko wa nukta za rangi, bali kama njia ya kihesabu inayopita kwenye vifundo, yaani alama za kuongoza umbo, alivyoviweka mchoraji. Njia hiyo yenyewe haina unene. Unene ni sifa inayovikwa juu yake kama ilivyo rangi, na ndiyo maana unaweza kubadilishwa kutoka milimita 0.2 hadi milimita 20 bila kifundo hata kimoja kuguswa.

Kuubadili ni kazi nyepesi: katika Inkscape dirisha linalohusika hufunguliwa kwa Ctrl+Shift+F, katika CorelDRAW kwa F12, kisha tarakimu huandikwa. Kinachosahaulika ni kipimo kilicho kando ya tarakimu hiyo. Pointi 1 ni sehemu moja ya 72 ya inchi, yaani takribani milimita 0.35, ilhali pikseli 1 ya faili la SVG, aina ya faili la michoro ya vekta, ni sehemu moja ya 96 ya inchi, takribani milimita 0.26. Kwa kazi itakayochapwa, ni afadhali kutumia milimita tangu mwanzo.

Suala zito zaidi hujitokeza mchoro unapokuzwa au kupunguzwa. Tuseme mchoraji wa Dodoma ametengeneza lebo ya chupa ya mvinyo wa zabibu yenye upana wa milimita 80, akavichora vikonyo vya zabibu kwa mistari ya milimita 0.5, halafu mteja akataka mchoro uleule uwe bango la mita 4 kando ya barabara iendayo Singida. Hapo mchoro unakuzwa mara 50. Ikiwa programu imeelekezwa kukuza unene pamoja na umbo, vikonyo vitakuwa na mistari ya milimita 25 na bango litafanana na lebo. Ikiwa haikuelekezwa hivyo, mistari itabaki na milimita 0.5 zake, na dereva anayepita ataona punje za zabibu zinazoelea bila kikonyo. Kinyume chake pia hutokea: kibao cha sentimita 60 chenye mistari ya milimita 4, kikipunguzwa kuwa muhuri wa sentimita 3 bila unene kupunguzwa, humezwa na mistari yake. Unene ukipunguzwa nao, unabaki milimita 0.2, ambayo ni nyembamba mno kwa muhuri wa mpira, na hapo hakuna budi kuuongeza kidogo kwa makusudi.

Kwa nembo na lebo, basi, unene ufuate umbo. Ramani ya viwanja ni jambo jingine, kwa sababu mpaka wa kiwanja ni alama tu, wala si kitu chenye upana ardhini, hivyo unafaa kubaki na unene uleule hata ramani ikikuzwa. Katika Inkscape kitufe cha kuchagua kati ya tabia hizi mbili kipo kwenye upau wa juu wakati zana ya kuchagulia inatumika. Katika Illustrator kimo ndani ya mapendeleo ya programu, na katika CorelDRAW hutiwa tiki kwenye dirisha la mstari.

Kwa kawaida unene hugawanyika nusu kwa nusu pande mbili za njia. Mraba wa milimita 50 wenye mstari wa milimita 4 huchukua milimita 54 za karatasi, huku milimita 2 nyingine zikifunika rangi ya ndani kila upande. Ndiyo sababu herufi zinazozungushiwa mstari mnene huonekana kukonda. Dawa yake ni kuiamuru programu ichore rangi ya ndani juu ya mstari.

Mashine ya kukatia stika nayo hufuata njia tu na kupuuza unene, kwa hiyo mstari wa milimita 10 hukatwa mara moja katikati. Ili ukatwe kingo zote mbili, ni lazima kwanza ugeuzwe kuwa umbo, jambo ambalo Inkscape hulifanya kwa Ctrl+Alt+C. Baada ya hapo unene haubadilishwi tena kwa tarakimu, hivyo nakala ya mchoro wa awali ihifadhiwe kabla ya kugeuza.