Chokaa: neno moja, vitu vitatu

Ukiomba chokaa dukani Kisumu, muuzaji makini atakuuliza: ya kupaka, ya kujengea au ya shamba? Zote asili yake ni jiwe la chokaa. Kinachozitenganisha ni moto na maji.

Jiwe likisagwa bila kuchomwa, unga wake humwagwa shambani kupunguza asidi ya udongo, ambayo inawasumbua sana wakulima wa mahindi huku magharibi. Likichomwa tanurini kwa joto la nyuzi 900 hivi, hutoa hewa ya kaboni na kupungua uzito: kilo 100 za jiwe safi hubaki kama 56. Kinachobaki ni kikali, hata jasho la kiganja linatosha kukifanya kikuunguze. Kikimwagiwa maji huchemka chenyewe bila moto, kisha hutulia kikawa unga mweupe laini. Huo ndio wa kupaka na wa kujengea, na ukutani hunyonya tena ile hewa iliyotoka tanurini, ukarudi kuwa jiwe polepole. Viwanda vya sukari navyo huutumia kusafisha maji ya miwa.

Huku kwetu jiwe hilo huchimbwa Koru, mji mdogo kwenye reli ya zamani ya Nakuru na Kisumu, yalipo machimbo ya Homa Lime. Shuleni tulifundishwa kwamba jiwe la chokaa ni mabaki ya kombe na matumbawe. Kwa Mombasa, sawa. La Koru lilitoka ardhini, kwenye volkano ya kale ya Tinderet, iliyokuwa ikitema kabonatiti, yaani uji wa mawe uliojaa chokaa badala ya ule wa kawaida. Volkano za namna hiyo ni chache duniani.

Majivu ya Tinderet yalifunika wanyama wa wakati huo, na kwa kuwa chokaa huzuia asidi isiyeyushe mifupa, mifupa ikadumu takriban miaka milioni 20. Katika miaka ya 1920 mlowezi mmoja wa Koru, H. L. Gordon, aliikuta ndani ya jiwe la chokaa, ikapelekwa London. Mwaka 1933 Arthur Hopwood akatangaza kwamba baadhi yake ni ya nyani wa kale asiyejulikana, akamwita Proconsul. Jina lenyewe ni utani wa kisomi: Consul aliitwa sokwe wa maonyesho aliyekuwa maarufu Uingereza, na Proconsul ni yule aliyemtangulia.