Changu si papa: hoja halali hujengwaje?

Juzi usiku barzani kwetu Mji Mkongwe taa ya duka la jirani ilizimika ghafla. "Umeme umekatika," akasema ami mmoja, kikombe cha kahawa mkononi.

"Umejuaje, Ami?"

"Umeme ukikatika, taa huzimika. Taa hiyo imezimika. Basi!"

Aliisema kwa uhakika hata tukanyamaza. Kumbe mita ya duka imeishiwa yuniti, na madirisha ya ghorofani yote yanawaka.

Nafundisha mantiki, na kosa hili ndilo ninalolisahihisha zaidi kwenye madaftari. Alivyosema Ami kabla ya "basi" ni kweli tupu. Kilichoharibika ni kiungo kati ya hayo na hitimisho lake. Hoja huwa halali pale ambapo haiwezekani kabisa madokezo yake yote, yaani kauli inazoanzia, yawe kweli na hitimisho lake liwe uongo. Hapa iliwezekana, kwa sababu taa ina njia nyingi za kuzimika.

Sasa mtazame mkulima wa karafuu kule Wete. Anaokota punje jamvini na kuikunja kwa vidole. Karafuu ikikauka sawasawa hukatika, hii inapinda, kwa hiyo haijakauka, irudi juani. Hoja hiyo ni halali, na hakuna pa kuipenya. Sentensi yake ya kwanza ni ya umbo lile lile la Ami, "ikiwa hivi, basi vile", lakini Ami aliona "vile" akadai "hivi", na mkulima kakosa "vile" akakataa "hivi".

Umbo ndilo linalohukumiwa, si maneno yaliyomo. Aristotle, Mgiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, aliliona hilo akaweka herufi mahali pa maneno. Wanazuoni walioandika kwa Kiarabu, Ibn Sina akiwamo, waliiita hoja ya namna aliyoichambua Aristotle *qiyas*, neno lile lile lililotupa "kiasi" tunachopimia mchele.

Kwa hiyo ukitilia shaka hoja, libakishe umbo ubadilishe maneno. Mtu akikwambia: "Kila Mpemba ni Mzanzibari. Jirani yangu ni Mzanzibari. Kwa hiyo ni Mpemba," mjibu: "Kila papa ni samaki. Changu ni samaki. Kwa hiyo changu ni papa?" Mpeleke sokoni Darajani akanunue. Wanafunzi hunibishia hapa: "Lakini mwalimu, jirani mwenyewe kazaliwa Chake Chake!" Sawa, ni Mpemba kweli, ila hoja ile haikuthibitisha hilo. Limepatikana kwa bahati.

Kinyume chake pia kipo, na ndicho kinachowakera watu. "Kila mwenye mikarafuu ni tajiri. Mjomba wangu ana mikarafuu. Kwa hiyo mjomba wangu ni tajiri." Mjomba atacheka mpaka akohoe, lakini hoja ni halali, maana dokezo la kwanza lingekuwa kweli, hitimisho lisingekwepeka. Hoja halali ambayo madokezo yake pia ni kweli ndiyo tunayoiita timamu.

Lugha yetu nayo ina mitego yake. "Wanafunzi wote hawakufaulu": hakufaulu hata mmoja, au wamefaulu baadhi tu? Nimeona wazazi wakikabana kwenye mkutano wa skuli kwa sentensi hiyo, kila mmoja anajenga hoja halali juu ya maana yake. Anayesema "si wanafunzi wote waliofaulu" kamaliza ugomvi kabla haujaanza.

Tuliporudi barzani siku ya pili nikamweleza Ami habari za kiungo chake. Akanisikiliza, akafikiri.

"Na nikisema haizimiki taa ila umeme ukikatika?"

Hapo hoja inakuwa halali, nikamwambia, lakini dokezo lenyewe si kweli tena, Ami, yuniti zilikwisha.

Akaagiza kahawa nyingine.