Benki ya mbegu ya jamii ni nini?

Ni ghala dogo la mbegu za asili linaloendeshwa na wakulima wenyewe, mara nyingi kikundi cha akina mama, ili aina za mazao walizorithi zisipotee. Msimu wa kupanda mwanachama anakopa mbegu, na akivuna anarudisha zaidi ya alichochukua. Umekopa kopo moja la kunde? Vikundi vingi watakudai mawili. Riba yenyewe ndiyo hiyo.

Jina “benki” lina kasoro yake: mbegu haitunziki kama noti, inazeeka. Hazina ya mbegu ya taifa kama ile ya Muguga, Kenya, huzigandisha zikae miaka na miaka. Kijijini hakuna friji ya namna hiyo, kwa hiyo mbegu lazima zirudi udongoni kila baada ya misimu michache. Kwangu mimi hapo ndipo penye faida, maana mbegu ya shambani inaendelea kukutana na ukame, magonjwa na jicho la mkulima anayechagua.

Kazi kubwa ni ukaushaji. Kuna kipimo rahisi: tia mbegu na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, funga, tikisa, kisha iache kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mbegu bado ina unyevu, ianikwe tena. Ikikauka huchanganywa na jivu lililochekechwa, inatiwa kwenye kibuyu au mtungi, na mdomo unazibwa bungua wasipate njia.

Maharage hayasumbui sana kwa sababu hujichavusha. Mahindi ni shughuli nyingine. Chavua husafiri na upepo, na shamba la jirani la mahindi chotara linaweza kukuharibia aina yako kwa msimu mmoja. Ndiyo maana kikundi hupanga nani apande wapi, au wapishane siku za kupanda.

Pamoja na mbegu huhifadhiwa maelezo yake. Akina mama wa kikundi cha Kyanika, Kitui, walikusanya mbegu za vibuyu vya maumbo mengi wakaandika na matumizi ya kila kimoja, maana kibuyu cha maziwa si cha kuchotea maji.

Kumpa jirani mbegu ni desturi ya tangu enzi za mabibi. Hata hivyo, baada ya marekebisho ya sheria ya mbegu ya Kenya ya 2012, kuuza au kubadilishana mbegu zisizothibitishwa kungeweza kukuletea faini ya hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi miaka 2. Wakulima 15 walikwenda mahakamani kuipinga mwaka 2022. Novemba 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka katiba.