Wasahrawi wanavyojipanga wakiwa uhamishoni

Kazi yangu ni siasa za wakimbizi, na kwa Wasahrawi, yani watu wa Sahara Magharibi, huwa naanza na kambi zenyewe sababu siasa yao imeanzia humo. Zile kambi za jangwani karibu na Tindouf, Algeria, zimepewa majina ya kwao, Laayoune, Smara, Auserd, Dakhla, Bojador, na zinaendeshwa kama nchi. Hispania ilivyokuwa inaondoka koloni lake hilo la Sahara Magharibi 1975 Morocco ikaingia, wanaume wakaenda vitani chini ya Polisario, chama chao cha ukombozi, kwa hiyo mgao wa chakula, shule, zahanati, kamati za mitaa, vyote vikabebwa na wanawake. Hao akina mama ndo walioisimamisha jamhuri ya Wasahrawi iliyotangazwa Februari 27, 1976, na inaniuma wanavyotajwa juujuu tu.

Sasa Ulaya, nguvu yao kubwa iko Hispania na imejengwa na watoto. Kila kiangazi kuna mpango unaitwa Vacaciones en Paz, watoto wa kambini wanaenda kukaa na familia za Kihispania, wanakimbia joto la Tindouf linalopita nyuzi 45, wanapimwa afya, wanashika lugha, kisha wanarudi. Ile familia inabaki na mtoto kambini, si utani, inajiunga na chama cha marafiki wa Sahara mjini kwao, inachangia msafara wa chakula, inambana diwani wake, na Novemba wanaandamana Madrid bega kwa bega na Wasahrawi wanaoishi huko, kupinga mkataba wa Novemba 14, 1975 ulioikabidhi nchi kwa Morocco na Mauritania.

Ila undugu huo hauamui sera ya nje. Machi 2022 Waziri Mkuu wa Hispania, Pedro Sánchez, aliunga mkono mpango wa Morocco wa kuipa Sahara Magharibi utawala wa ndani tu chini yake, pamoja na kelele zote hizo.

Ndo maana mahakama ni muhimu. Oktoba 4, 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mikataba ya biashara na uvuvi na Morocco iligusa Sahara Magharibi bila ridhaa ya watu wake, na kuwauliza wakazi waliopo pale haitoshi sababu sehemu kubwa ya wananchi wenyewe wako nje. Yani wakimbizi ndo wenye mali, lazima waulizwe! Na hapa Arusha, Septemba 22, 2022, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilishasema nchi zetu zina wajibu wa kuwasaidia Wasahrawi wajiamulie mambo yao. Tanzania iliitambua jamhuri yao tangu 1978, kwa hiyo wajibu huo unatuhusu moja kwa moja.